Ngwini wa mtumba na namba iliyokwisha kutumika

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mwanangu wa miaka tisa alitoa pesa zake za sikukuu akanunua ngwini wa manyoya katika mitumba ya hapa Chake Chake. Mguuni ana kikaratasi chenye alama ya kuskani, na chini yake namba iliyokwisha kukwaruzwa. Tulipoiskani kwa simu yangu ulifunguka mchezo, lakini namba ikakataliwa kwa kuwa imeshatumika. Sasa mtoto analia nimlipie humo humo mchezoni apate ngwini wa kwenye skrini. Je, muuzaji ametudanganya? Na nikilipa, kitu hicho kitakuwa mali ya mwanangu?
Mama wa watoto watatu, Chake Chake, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Sidhani kama muuzaji amekudanganya, kwani anayefungua robota la mitumba huuza kinachoonekana, na huenda hata yeye hajui namba ile ni ya nini. Namba hizi ni kama vocha ya simu: akishaiingiza wa mwanzo, huko ng'ambo mwanasesere alikotoka, anayefuata hapati kitu.

Biashara yenyewe si ngeni. Kampuni ya Ganz ya Kanada ilianza kuuza wanyama wa Webkinz mwaka 2005, kila mmoja na namba ya kumfungulia mtoto mnyama kama huyo kwenye intaneti, na mwanzoni akaunti ilidumu mwaka mmoja tu, ikafa ikiwa hakununuliwa mwengine. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo ufundi wa wafanyabiashara hawa: anayeuzwa dukani ni mmoja, lakini wanayemtarajia ni wa pili na wa tatu.

Ama kuhusu mali, ukilipa utakuwa umenunua ruhusa ya kutumia kitu kilichomo katika kompyuta za kampuni, na ruhusa hiyo hudumu muda ambao kampuni inapenda kuuendesha mchezo. Club Penguin, mchezo wa intaneti ambao nao ulikuwa wa ngwini na wanasesere wenye namba, ulifungwa Machi 2017. Watoto wakabaki na wanasesere wao, sarafu za mchezoni zikapotea. Wapo wanaosema kuwa teknolojia ya blokucheini, yaani daftari la kompyuta linalotunzwa na wengi kwa pamoja, imeliondoa tatizo hili, wakitaja Pudgy Penguins, ngwini wa kidijitali ambao wanasesere wao walianza kuuzwa katika maduka ya Walmart ya Marekani mwaka 2023. Ni kweli kwamba umiliki huandikwa katika daftari lisilokaa kwa kampuni moja, lakini kofia ya ngwini wa kwenye skrini inahitaji mchezo wa kuvaliwa, na mchezo una mwenyewe.

Kwa hiyo, usilipe. Akitaka kucheza bila ya malipo, fungua akaunti kwa barua pepe yako, usiandike jina lake kamili wala skuli yake, na asiijue namba ya siri ya pesa zako za simu. Siku nyengine mkienda mitumbani, kitazameni kikaratasi kabla ya kupatana bei: kikiwa kimekwaruzwa, mlipeni muuzaji bei ya mwanasesere wa kawaida.