Simu zimepigwa, ripoti iko tupu: majibu kwa wenye PABX (mtambo wa simu za ofisini)

Ofisini kwetu Ntinda tuna PABX ya Panasonic KX-NS. Nimeweka kwenye kompyuta programu ya ripoti za simu na kuipa anwani ya IP ya mtambo. Siku ya tatu sasa haijapokea rekodi ya hata simu moja.

Ndugu yangu, anza kwa kujua nani anamfuata nani. Panasonic hukaa ikingoja. Programu ndiyo inayogonga mlango, kwenye poti 2300 (namba ya mlango wa mtandao), kisha inajitambulisha. Mtambo wa Avaya IP Office kwa kawaida ni kinyume: ndani ya mtambo unaandika anwani na poti ya kompyuta, na mtambo wenyewe unasukuma rekodi. Nimekuta ofisi ambako kila upande unamngoja mwenzake, na fundi ameshabadilisha kebo mara mbili bure.

Kwa hiyo iweke programu kando. Fungua PuTTY, programu ndogo ya kuunganika na mitambo kwa maandishi, chagua Telnet, weka anwani ya mtambo na poti 2300. Ukiona alama ya kistari, andika SMDR (huduma ya mtambo inayotoa rekodi za simu), kisha neno la siri. La kiwandani ni PCCSMDR. Sasa piga simu ya nje, zungumza nusu dakika, kata. Rekodi huandikwa simu ikishakatwa, basi usiwe na haraka. Mstari ukitokea, mtambo ni mzima na kosa liko kwenye programu. Usipotokea, tazama kama SMDR imewashwa. PuTTY ikishindwa hata kuunganika, kuna ngome ya mtandao (firewall) inayoziba poti. Funga PuTTY kabla ya kurudi kwenye programu. Na nakusihi, badilisha hilo neno la siri: limo kwenye vitabu vya mafundi dunia nzima.

Tawi letu la Jinja linatumia Cisco. Simu ya saa nne asubuhi ripoti inaiandika saa moja. Turekebishe saa ya mtambo?

Hapana, msiiguse. CUCM, mtambo wa simu wa Cisco, huandika rekodi zake kwa UTC, saa ya kimataifa, na Uganda iko saa tatu mbele mwaka mzima. Kwenye programu ya ripoti chagueni ukanda wa saa wa Africa/Kampala. Kama tofauti ingekuwa dakika saba au kumi na mbili, hapo ningesema saa ya mtambo imepotoka, muiunganishe na seva ya NTP, inayosahihisha saa kupitia mtandao.

Tuko Mbarara, tunatumia Asterisk, programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu. Mkurugenzi anasema ripoti inaonyesha dakika nyingi kuliko bili, na mhudumu wa mapokezi ameanza kushukiwa.

Dada, mtetee huyo mhudumu mpaka umeangalia safu mbili. Asterisk huandika *duration*, inayohesabu tangu simu inapoanza, na *billsec*, inayohesabu tangu inapopokewa. Programu ikisoma ya kwanza, mlio wote unageuka mazungumzo. Fungua faili la Master.csv ndani ya /var/log/asterisk/cdr-csv, tafuta simu moja unayoijua, ulinganishe.

Kuna jambo gumu zaidi. Laini nyingi za shaba hazitumi ishara kwamba upande wa pili umepokea. Mtambo unaona laini imeshikwa, unaandika ANSWERED (imepokewa), hata kama simu iliita tu bila kupokewa. Hapo billsec nayo inadanganya, na hakuna mpangilio wa programu utakaoiponya. Uliza kampuni ya simu kama inaweza kuwasha ishara ya kupokea, au hamieni laini za SIP, zinazopita kwenye intaneti. Mtu asipewe barua ya onyo kwa takwimu za aina hii.

Umeme ukikatika usiku, rekodi za Avaya zinapotea?

Kompyuta ikizimika peke yake, IP Office hutunza rekodi hadi 500 usipobadilisha, kisha huzituma ikirudi. Mtambo wenyewe ukizimika, usitegemee akiba hiyo. Nunueni UPS (betri ya akiba) ya mtambo kabla ya ile ya kompyuta.

Je, sheria inaturuhusu kuhifadhi namba wanazopiga wafanyakazi?

Namba ya mtu ni taarifa binafsi, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inawahusu. Waambieni wafanyakazi kwa maandishi mnachokusanya na sababu yake, wekeni muda wa kufuta, na jisajilini kwa ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Rekodi hizi hazina sauti, lakini namba ya kliniki iliyopigwa mara tano kwa wiki inasema mengi. Ripoti yenye namba kamili ibaki kwa mtu mmoja au wawili.