Maswali ya Wasomaji: Barabara inachorwa, sauti yetu iingie wapi?

*Habari za kazi. Barabara ya mtaani kwetu inawekwa lami. Tuliitwa kikaoni, tukasaini mahudhurio, tukaomba kivuko mbele ya shule ya msingi. Sasa mkandarasi amefika na michoro haina kivuko. Tufanyeje?*
Msomaji, Temeke

Ndugu yetu, karatasi ya mahudhurio inaonyesha tu kwamba watu walifika. Kinachomfikia mchoraji ni muhtasari wa kikao, na ombi lisiloandikwa humo limepotelea palepale. Kabla kikao hakijafungwa, ombeni muhtasari usomwe kwa sauti, upigeni picha, na muulize ni lini wataalamu watarudi kueleza walichokubali, walichokataa na sababu zake.

Mradi hupita upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kama unafaa), usanifu wa awali, usanifu wa kina, zabuni, kisha ujenzi. Kwenye usanifu wa awali, kuhamisha kivuko ni kazi ya kalamu. Mkataba ukishasainiwa, kila badiliko lina gharama, na mhandisi hana budi kulitolea sababu. Hata hivyo kivuko na matuta ni mabadiliko madogo kuliko kuhamisha kalavati, kwa hiyo andikeni leo. Kama barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barua iende kwa meneja wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, diwani na mwalimu mkuu. Tajeni mahali kwa kipimo (“mita 40 kutoka lango la shule, upande wa sokoni”), saa ambazo watoto huvuka na idadi yao. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa; bila mhuri huo hamna cha kufuatilia.

Ombeni pia mteremko wa kiti cha magurudumu. Uwiano unaofaa ni 1 kwa 12: ukingo wa sm 15 unahitaji mteremko wa sm 180. Mafundi wengi huufupisha, na mtu hawezi kuupanda bila kusukumwa.

*Tukipeleka malalamiko ya foleni na uhaba wa daladala tunaambiwa hatuna takwimu. Wananchi wa kawaida wanaweza kuhesabu?*
Msomaji, Mbagala

Wanaweza, tena vizuri. Chagueni Jumanne, Jumatano au Alhamisi isiyo sikukuu wala likizo ya shule. Hesabuni saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Kila mwelekeo uwe na watu wawili wanaopokezana, maana macho huchoka na mistari huanza kurukwa. Andikeni kila dakika 15 kwa mafungu: waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, daladala, magari madogo, malori. Baadaye jumlisheni vipindi vinne vinavyofuatana vyenye idadi kubwa zaidi. Hiyo ndiyo saa ya msongamano.

Kosa kubwa ni kuhesabu magari bila watu. Daladala iliyojaa na gari dogo lenye dereva peke yake huonekana sawa kwenye jedwali, na matokeo yake njia inapanuliwa kwa ajili ya wachache. Kadirieni abiria. Kituoni, andikeni dakika kati ya daladala moja na inayofuata, na wangapi wameachwa kwa kukosa nafasi. Waenda kwa miguu wahesabiwe wanapovukia kweli, hata kama hapana alama.

*Nani anahusika na nini?*
Msomaji, Ubungo

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara. Za wilaya, pamoja na mitaa mingi, ni za TARURA. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ni kazi ya wakala wa DART. Ruti, leseni na nauli za daladala ni za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na watumiaji wana baraza lao, LATRA CCC. Ombi la bajeti lipitie mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo lifike kata kabla ya Desemba. La Machi hukuta mipango imeshafungwa.

*Vikao vyetu huitwa saa 4 asubuhi siku ya kazi. Wanaokuja ni walewale.*
Msomaji, Kinondoni

Hapo mipango huharibika mapema. Mama anayefungua genge alfajiri, kondakta, mwanafunzi na mlemavu wa macho hawapo, nao ndio wanaoijua barabara kwa miguu. Ombeni kikao cha pili Jumamosi jioni, na wahojaji waende kituoni na sokoni.

Wazee wa mtaa waonyeshe maji yanapopita masika. Karakana ya mwendokasi ya Jangwani, iliyo bondeni mwa Msimbazi, imefurika mara kadhaa tangu huduma ianze mwaka 2016. Tangu 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam wamechora maeneo ya mafuriko kupitia mradi wa Ramani Huria, na ramani za mtandaoni za OpenStreetMap ni bure. Chapisheni ya mtaa wenu, mchore kwa kalamu kina cha maji (kifundoni, gotini, kiunoni), muiambatanishe na barua.