Fundi, ninunue antivairasi ipi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Pasua, Moshi. Nina laptopu ya mtumba, Windows 10, natungia mitihani ya masomo ya ziada na mjukuu wangu anachezea gemu. Kila nikipeleka flashi kuchapisha steshenari, ikirudi mafolda yote yamekuwa shotikati. Nilikuwa na antivairasi ya bure. Kijana wa dada yangu akaniongezea ya kulipia, eti imekrakiwa. Sasa mashine inawaka kwa kusuasua. Duka moja mjini wananishauri ninunue ya mwaka mzima. Ipi?
— Bibi wa Pasua

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hela yako iache mkobani kwanza.

Windows 10 ina antivairasi yake, Microsoft Defender, na hailipiwi. Ukiweka nyingine, yenyewe hujizima. Hizo mbili zako kila moja inataka kukagua kila faili, na zinatiliana shaka zenyewe kwa zenyewe. Lazima mashine ihemee. Ile iliyokrakiwa inanitisha kuliko virusi vya steshenari. Aliyeivunja kufuli hakufanya kwa sadaka, na maelekezo ya kraki kwa kawaida huanza na "zima ulinzi wote". Ziondoe zote mbili, washa upya, kisha fungua Windows Security uone kama Defender imerudi kazini. Hapo endesha ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka yenyewe, kama robo saa hivi, kwa hiyo usianze siku ya mgao wa umeme.

Kuhusu flashi, kazi zako huenda bado zimo. Kirusi cha aina hiyo huficha mafolda na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukizibofya, umekiendesha wewe mwenyewe. Iskani flashi kwa Defender, kisha fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yataonekana tena, ufute shotikati zilizobaki. Siku nyingine watumie watu wa steshenari PDF kwa barua pepe, ila simama palepale hadi waifute. Mtihani ukivuja, hakuna antivairasi ya kuurudisha.

Ningekuwa na hela ya kutoa, ningeitoa kwenye Windows yenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, yakiwemo masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwa muda wa ziada wana hadi Oktoba 2026. Kama laptopu yako inakidhi masharti ya Windows 11 na Windows yako ni halali, kuhama ni bure, gharama ni bando. Na bando ndilo linalotuponza huku kwetu: watu wanazima masasisho ili MB zisiishe. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu duniani, hadi hospitali za Uingereza, ikidai malipo. Tundu iliyopitia ilikuwa imeshazibwa kwa sasisho la Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha, haikuwaingia kwa njia hiyo. Kwa hiyo ile hela ya dukani nunulia bando la usiku, mashine isasishe wewe umelala.

Ya kulipia siikatai kabisa. Mwenye kompyuta na simu nyingi nyumbani anaweza kuipenda kwa kuwa anazisimamia zote pamoja. Za bure nazo si bure sana: mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Avast, watengenezaji wa antivairasi ya bure, kulipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo wateja wake walikuwa wakitembelea.

Mwisho, mfungulie mjukuu akaunti yake ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Akitaka kuweka gemu linalogusa mfumo, mashine itaomba nenosiri lako. Na kijana wa dada yako asilijue.