Cheti cha mwanangu kimefungiwa ofisini

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Kijana wangu ana miaka 19, kamaliza Fomu Foo kwa shule ya kutwa ya serikali huku Kisauni, saa hii kapata nafasi chuoni lakini cheti hatupewi, ati kuna deni la 14,500 la lanchi na tuisheni ya jioni. Babake ni wa tuktuk, siku zingine anarudi na mia mbili. Jirani kanambia kuna mikataba ya Afrika inasema elimu ni haki, je niiprinti nimpelekee prinsipali?
Mama Kijana, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Jirani hakukosea ila pesa ya kuprinti saiba iweke kwanza. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa hapa hapa Nairobi 1981, na kifungu cha 17 kinasema kila mtu ana haki ya elimu, lakini habari ya cheti na lanchi humo huipati. Ule wa haki za watoto wa 1990 umeingia ndani zaidi, kifungu cha 11 chataka elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima, tatizo ni kwamba mtoto kwao ni wa chini ya miaka 18 na wako keshavuka.

Kitu chako kiko karibu zaidi na wengi hawakijui: sheria ya KNEC, yaani baraza la mitihani la Kenya, ya 2012, kifungu cha 10, inasema cheti cha mtihani kisizuiwe na mtu wala taasisi yoyote. Haikuweka "ila kama anadaiwa". Sikwambii deni limefutika, la, shule ina njia zake za kudai na nyinyi lipeni kidogo kidogo mkipata, lakini cheti si dhahabu ya kuwekwa rahani jamani! Na kama ana mdogo wake bado yuko shule, sheria ya elimu ya msingi ya 2013, kifungu cha 29, hairuhusu mtoto akatazwe shule kwa ajili ya hizo pesa za juu juu.

Kwa hivyo andika barua fupi, taja hicho kifungu cha 10, mpelekee prinsipali kwa heshima. Akikataa muombe akuandikie kwamba kakataa na sababu yake (hapo wengi ndio hukumbuka ufunguo wa kabati uko wapi), kisha uende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Fanya nakala mbili, yako igongwe mhuri ubaki nayo, usije ukaambiwa barua haikufika.