Karani mpya, panga seli kabla ya kuandika

Ukianza ukarani kwenye chama cha ushirika huku Kilimanjaro utakabidhiwa daftari la wakulima, kompyuta, na maneno haya: "Ingiza kwenye Excel." Uanzie wapi, hakuna atakayekuambia. Nimeifanya kazi hiyo misimu sita ya kahawa, juu kidogo ya mji wa Moshi, na ninalotaka ulijue mapema ni hili: kilichomo ndani ya seli, yaani kile kisanduku kimoja cha Excel, ni kitu kimoja, sura yake kwenye kioo ni kitu kingine.

Nianze na kilo, maana ndiko nilikoumia. Msimu wangu wa kwanza niliona desimali zinachafua karatasi, nikabofya kile kitufe cha kupunguza desimali mpaka zikaisha. Orodha ikapendeza, nikaibandika mlangoni. Akaja mzee mmoja na kalamu yake. Alikuwa ameleta kahawa mara tatu, na karatasi ilisema 13, 8 na 5, jumla 25. Akajumlisha, akarudia tena. "Mwanangu, hii ni 26. Kilo yangu moja imekwenda wapi?"

Watu wakaanza kusogea. Nikafungua kitabu cha stakabadhi, tukasoma pamoja: 12.6, 7.6, 5.2. Jumla 25.4. Excel ilikuwa imezitunza namba zote sawasawa. Mimi ndiye niliyeificha ile sehemu ambayo mzee aliihitaji ili aamini. Alielewa, akanipa mkono, lakini wengine waliokuwa pale mlangoni waliondoka na neno "kilo imepotea" tu, na neno hilo lilikaa kijijini msimu mzima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo shika hili: kupunguza desimali kwa kitufe hakuigusi namba, kunabadilisha mwonekano tu, na hesabu inaendelea kufuata kilichomo ndani. Kama chama kimeamua kilo zikadiriwe kweli hadi kilo nzima, tumia fomula ya ROUND, na uamuzi huo uwe wa kikao, usiwe wako. La sivyo acha desimali moja, kama mizani inavyosoma.

Usiandike "12.6 kg" ndani ya seli. Ukiweka herufi, Excel inaichukua seli nzima kuwa maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, inairuka kimyakimya. Dalili yake ni rahisi: usipogusa mpangilio, namba huegemea kulia, maandishi huegemea kushoto. Mimi kabla ya kujumlisha chochote hupitisha macho kwenye safu nzima nikitafuta inayoegemea kushoto. Ukitaka neno kg lionekane, chagua seli, bonyeza Ctrl na 1, nenda kwenye Custom, andika 0.0" kg". Namba itabaki namba, kg itakuwa vazi lake.

Sasa namba za simu na za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Hapa kosa halirekebishiki kwa kitufe. Ukiandika simu inayoanza na 0, Excel inaiona ni namba ya kawaida na kuitupa ile sifuri ya mbele. Hiyo unaweza kuirudisha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiiandika mfululizo bila vistari, utaona kitu kama 1.98E+19, na zile tano za mwisho zimeshageuka sifuri. Ukibadilisha fomati baadaye hazirudi. Niliwahi kuingiza karibu kurasa mbili za daftari kwa namna hiyo, orodha ikarudishwa na benki, nikarudia yote kwa mkono huku wakulima wakisubiri fedha za ada za watoto. Chagua safu nzima kwanza, Ctrl na 1, Text, kisha ndipo uandike. Mfuatano huo haubadilishwi.

Fanya hivyo hivyo kwa namba za akaunti. Namba usiyoijumlisha wala kuizidisha, ihesabu kuwa jina.

Tarehe nazo zina lake. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekewa utaratibu wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 5/11/2024 ukimaanisha Novemba, yenyewe inasoma tarehe 11 Mei, kabla hata mavuno hayajaanza. Ukiandika 25/11/2024 inashindwa kupata mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi, imeegemea kushoto. Safu moja, tarehe za aina mbili, na ukizipanga kwa mfuatano zinavurugika. Badilisha mipangilio ya eneo kwenye kompyuta yenyewe, halafu tumia fomati ya dd-mmm-yyyy ili mwezi uonekane kwa jina. Na siku ukikuta 45292 mahali pa tarehe usiogope: Excel huhesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na hiyo ni 1 Januari 2024. Irudishie fomati ya tarehe tu.

Alama za ##### maana yake safu ni nyembamba. Bofya mara mbili mpaka wake wa kulia, juu kwenye herufi. Kuunganisha seli nakukataza kabisa ndani ya orodha, kwa sababu siku ya kuipanga kwa majina itagoma. Rangi, chache. Printa yetu ni ya wino mweusi, na njano niliyowapakia wasiolipwa ilitoka kijivu kilekile cha waliolipwa. Sasa nina safu ya "Hali", ndani yake nimeandika "Bado" au "Amelipwa", na mzee anasoma mwenyewe pale mlangoni bila kuniita.