Jibu: Kutofautisha dhahabu na piraiti katika mawe ya Geita

Ndugu, umeuliza kama chembe za manjano ulizoziona katika jiwe jeupe uliloliokota karibu na Geita ni dhahabu. Anza kwa kulizungusha taratibu juani: dhahabu hubaki na rangi ileile hata ikiingia kivulini, ilhali piraiti, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu, humetameta upande mmoja na kufifia upande mwingine, na mara nyingi huwa na pande bapa kama dadu ndogo. Kisha iguse chembe moja kwa ncha ya sindano. Dhahabu ni laini, hivyo itabonyea na kuacha alama inayong'aa bila kuvunjika. Piraiti, ambayo ni ngumu kuliko kioo cha dirisha, haitabonyea, na ukiigonga itasagika. Mika, madini mengine yanayong'aa, nayo itabanduka magamba membamba. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuisugua chembe kwenye mgongo wa kigae cheupe, ule upande usio na mng'ao, kwa sababu dhahabu huacha mstari wa manjano na piraiti huacha mstari mweusi wenye ukijani.

Hata hivyo, usilitupe jiwe kwa kuwa umekuta piraiti, maana katika miamba ya Geita dhahabu mara nyingi huambatana nayo, nyingine ikiwa ndogo mno isionekane kwa macho. Hapo ni maabara tu itakayokupa jibu. Tafadhali usijaribu zebaki wala asidi nyumbani: mvuke wa zebaki hudhuru ubongo, na ule wa asidi huunguza mapafu.