Mfungulie daftari kabla ya kumfungulia akaunti

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: je, mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa mambo ya benki, na mzazi aanzie wapi? Anaweza, tena vizuri. Mzazi aanzie nyumbani, na daftari la kawaida la mistari, walau miezi mitatu kabla ya kukanyaga benki. Wengi hapa Moshi tunaanzia mwisho. Akaunti inafunguliwa, mtoto anapigwa picha na kadi yake mpya, halafu akaunti inalala mpaka inasahaulika. Mtoto hajifunzi lolote hapo kwa sababu yote yamefanywa na wakubwa.

Kinachomshinda mtoto wa miaka saba au minane si hesabu. Ni kukubali kwamba pesa asiyoiona bado ni yake. Wengi wa umri huo wanaamini benki imeifungia noti yao ileile mahali fulani, na wakirudi wakapewa nyingine wanaona wamebadilishiwa. Ukimjibu kwamba pesa "iko kwenye kompyuta" unazidi kumchanganya. Lakini akiiona namba kwenye daftari ikipanda kila anapoleta na kushuka kila anapochukua, na akipewa kila mara kiasi kilekile kilichoandikwa, taratibu anaanza kuiamini ile namba. Akishaiamini, mengine yote ya benki yanaeleweka.

Kabla ya daftari hakikisha anazijua pesa zenyewe. Mtoto wa miaka minne au mitano akipewa sarafu tano za 200 ataona ana nyingi kuliko mwenye noti moja ya 1,000. Mpe 1,000 aipange kwa njia mbalimbali: 500 mbili, 200 tano, 100 kumi, kisha mchanganyiko. Noti zinakaririka haraka kwa picha zake: Nyerere kwenye 1,000, simba kwenye 2,000, kifaru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000. Hatua hii haihitaji muda mrefu, na mtoto anayetumwa dukani mara kwa mara huwa ameshaipita.

Sasa daftari. Piga mistari upate safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Tuseme Jumatatu amefungua na 2,000. Unaandika 2,000 kwenye iliyoingia na 2,000 kwenye salio. Alhamisi analeta 500, salio linakuwa 2,500. Jumamosi anataka 800 ya rangi za kuchorea, salio linashuka hadi 1,700. Kila mstari auandike yeye, wewe uhakiki na kuweka sahihi. Akikosea kutoa usimfutie. Mwambie akate kwa mstari mmoja, aandike sawa pembeni, nanyi wote wawili msaini, maana rekodi ya pesa haifutwi kwa raba. Mtoto wa Darasa la Tatu anaimudu hesabu hii, na atapata mazoezi ya kutoa kwa kuchukua kuliko anayopata shuleni.

Pesa zenyewe ziweke kwenye kopo au bahasha ya nyumba, zichanganyike na nyingine. Usimtengee kopo lake. Akilitambua kopo lake ataendelea kuhesabu sarafu badala ya kusoma salio, na mtabaki kwenye kibubu. Sharti ni moja: akija kutoa, apewe siku ileile, kiasi kilekile, bila hotuba. Unaruhusiwa kuweka utaratibu, kwa mfano kwamba kutoa ni Jumamosi tu, ila uuandike kwenye ukurasa wa kwanza kabla hajaweka shilingi.

Hapa ndipo somo linapofia kwa familia nyingi, na ni makosa yetu wakubwa. Desemba ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Mjomba anatoa 5,000, shangazi 2,000, babu 1,000. Mama anasema, "Lete nikutunzie." Januari inafika na ada na sare, ile pesa inaingia humohumo, na mtoto akiuliza anaambiwa, "Si unakula hapa?" Kwa mtoto, hiyo ndiyo taasisi ya fedha ya kwanza aliyowahi kuweka pesa, na imemdhulumu. Akisikia neno benki baadaye atadhani ni "lete nikutunzie" ya jengo kubwa. Nyumba ikikwama, mkope waziwazi. Andika kwenye daftari kwamba mama amekopa 5,000, tarehe ya kurudisha, na kiasi utakachoongeza. Kisha rudisha siku hiyohiyo. Mtoto aliyekopesha mama yake na kulipwa amekwishaelewa nusu ya kazi ya benki.

Nusu nyingine mweleze kwa mfano wa watu kumi. Kila mmoja ameweka 10,000, jumla 100,000. Mkulima wa kahawa wa Kibosho anakopa 80,000 ya mbolea, na akishauza kahawa anarudisha 90,000. Ile 10,000 ya ziada ndiyo inayolipa wafanyakazi, umeme na ulinzi, na sehemu ndogo inarudi kwa walioweka kama riba. Mtoto atauliza kwa nini benki haikukopesha yote 100,000. Mwache alitafute jibu mwenyewe kwanza: kesho mmoja wao akija kuchukua 10,000 yake, atapewa nini?

Kuhusu riba msimdanganye. Nyumbani unaweza kumpa 50 kwa kila 1,000 iliyokaa mwezi mzima, ili aione. Lakini hiyo ni asilimia 5 kwa mwezi, na benki haimlipi mwekaji hivyo. Chukua mfano wa asilimia 3 kwa mwaka: 20,000 iliyokaa mwaka mzima inazaa 600, serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 10, zinabaki 540. Mtoto atasikitika. Afadhali asikitike nyumbani kuliko akue akidhani akaunti ya akiba inatajirisha. Anaweka benki kwanza kwa sababu ya usalama na rekodi, riba ni nyongeza. Familia za Kiislamu zisizochukua riba zifute kabisa mstari huo kwenye daftari, na wakati ukifika ziulizie akaunti zinazofuata sharia, mfano Amana Bank au CRDB Al Barakah.

Usalama nao una mfano wa karibuni. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliondoa kwenye mzunguko noti za zamani, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Aliyekuwa nazo kwenye kibubu alitakiwa azipeleke benki zibadilishwe ndani ya muda huo. Aliyekuwa ameweka kiasi hichohicho kwenye akaunti hakutakiwa kufanya lolote, maana alichokuwa nacho ni salio, si karatasi. Kwa mtoto wa miaka kumi sijaona mfano unaolieleza jambo hili kwa ufupi zaidi.

Baada ya miezi mitatu ya daftari lisilo na kasoro, mpeleke kwanza kwa wakala wa simu kabla ya benki. Pale foleni ni fupi na kila kitu kinaonekana. Msomeshe bango la makato lililobandikwa kibandani, atafute mwenyewe ada ya kutoa 5,000. Kisha muulize: ukiwa na 5,000 kwenye simu, utaweza kuitoa yote? Hutaweza, kwa sababu ada ya kutoa inatoka kwenye salio hilohilo. Aandike ada hiyo kwenye daftari kama mstari wake, iliyotoka. Watoto wengi hapo ndipo wanapogundua kwamba kuhamisha pesa nako kunagharimu, na kwamba kutoa 1,000 mara tano si sawa na kutoa 5,000 mara moja.

Sasa benki. Akaunti za watoto zipo: NMB wana Mtoto Akaunti, CRDB wana Junior Jumbo, NBC wana Chanua. Masharti yanabadilika, kwa hiyo usiende na ya kusikia mtaani. Andaa cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho chako cha NIDA, picha za pasipoti zako na za mtoto, na pesa ya kianzio. Kinachokwamisha wengi ni majina. Shuleni mtoto ana jina la ubatizo na la baba, cheti kina matatu, na jina la ukoo limekosewa herufi moja. Lilinganishe mapema, kwa sababu hitilafu hiyo haitoki dirishani na itamfuata mpaka kwenye mitihani.

Mezani uliza haya kabla ya kusaini, mtoto akisikia: kianzio ni kiasi gani, kuna ada ya mwezi, kutoa dirishani kunakatwa shilingi ngapi, anaruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka, riba inaanza salio likifika wapi, na mzazi aliyesaini akifariki nani anashika nafasi yake. Swali la mwisho watu wanaliona zito, wanaliruka, halafu linawaumiza yatima. Swali la ada ya mwezi nalo lina sababu yake. Akaunti ya kawaida ya akiba yenye 10,000 inaweza kuliwa na makato kidogo kidogo mpaka ikabaki tupu, na mtoto atakayeliona hilo hatasadiki tena maelezo yoyote. Ndiyo maana ni akaunti ya mtoto, si kumfungulia akaunti ya mtu mzima kwa jina lako.

Chagua siku. Mwisho wa mwezi foleni ni za mishahara, na wiki ya Krismasi mji mzima umejaa. Katikati ya mwezi, Jumanne hadi Alhamisi, likizo ya Juni, saa nne asubuhi, keshia anaweza hata kumjibu mtoto swali.

Fomu ya kuweka pesa ajaze mwenyewe, hata kama benki yenu siku hizi inakubali kutaja namba tu. Omba moja ya mazoezi. Namba ya akaunti aiandike kwa makundi ya tarakimu tatu tatu na kuisoma kwa sauti. Kiasi kwa tarakimu: 12,500. Kwa maneno: "Shilingi elfu kumi na mbili na mia tano tu." Mweleze kazi ya hilo "tu": linafunga mlango, mtu asiongeze neno mbele yake, na nafasi inayobaki inapigwa mstari. Noti zipangwe kubwa kwa kubwa, zote zikitazama upande mmoja, zihesabiwe mara mbili kabla ya kufika dirishani. Keshia akitaja jina la mwenye akaunti, mtoto alisikie na kulithibitisha kabla pesa haijapokelewa. Stakabadhi inasomwa palepale: jina, namba, kiasi, tarehe, kisha inabandikwa kwenye daftari. Msiondoke dirishani kwanza halafu ndiyo msome.

Mashine ya ATM iacheni kwa safari nyingine. Ukitoa pesa mbele ya mtoto bila maelezo, anaondoka na imani kwamba ukutani kuna pesa za bure. Ombeni stakabadhi, muonyeshe salio la kabla na la baada, atafute tofauti. Kama tofauti ni kubwa kuliko noti zilizotoka, ameiona ada.

Namba ya siri inafundishwa kwa ukali kidogo. Haiandikwi nyuma ya daftari, haiwi mwaka wa kuzaliwa, haambiwi rafiki, mwalimu wala mtu anayepiga simu akijiita mhudumu wa benki. Wasomesheni ule ujumbe ambao kila simu ya Tanzania imeupokea, "Ile hela tuma kwenye namba hii," na mpe kazi mtoto aeleze kwa nini unafanya kazi: unamkuta mtu aliyekuwa kweli anadaiwa.

Mtoto mkubwa kidogo atauliza benki ikifilisika itakuwaje, na hapa Kaskazini hatuwezi kumwambia haitokei. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo Meru Community Bank ya Arusha. Mjibu kwamba ipo Bodi ya Bima ya Amana, inayowafidia walioweka pesa benki ikifungwa. Wakati ule fidia ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000 kwa mwekaji, na tangu 2023 ukomo ni 7,500,000. Akiba ya mtoto inaingia humo bila shida. Pesa iliyotolewa kwa mtu wa mtaani anayeahidi kuizidisha mara mbili kwa wiki haina bima yoyote, na mtoto ajue tofauti hiyo kwa maneno hayohayo.

Kuanzia hapo kila muhula ombeni taarifa ya akaunti na mkae kuilinganisha na daftari, mstari kwa mstari. Vikitofautiana, rudini benki mkaulize, yeye akiwa ndiye msemaji. Wekeni chochote walau kila miezi mitatu, maana akaunti isiyoguswa kwa muda mrefu inahamishiwa kundi la akaunti tulivu, na kuifufua kunahitaji kwenda tawini upya na vitambulisho. Na akikaribia miaka 18, aanze mapema kufuatilia namba yake ya NIDA. Akifikisha umri huo akaunti inatakiwa kuhamia kwenye sahihi yake, na bila namba hiyo pesa yake itamsubiri huku yeye akihitaji ada ya chuo.

Msomaji wenu,
Moshi